Fritz Haber, jamaa aliyeichokoza hewa ikatoa mbolea

Kama umewahi kufika soko la mifugo la Oldonyiro, kule Isiolo, unamjua dalali. Mwenye mbuzi yupo, mnunuzi yupo, lakini wanaweza kutazamana hadi jua litue. Dalali akiingia kati, dakika chache tu wameelewana, naye anasonga kwa wengine. Kwenye kemia, dalali huyo anaitwa kichocheo. Huharakisha kazi na mwishowe hubaki kilivyokuwa. (Na hakidai hata bob.)

Sasa mjue Fritz Haber, Mjerumani wa familia ya Kiyahudi aliyezaliwa Breslau mwaka wa 1868. Enzi zake, wakulima Ulaya walitegemea chumvi ya nitrojeni iliyoletwa kwa meli kutoka Chile, na watu waliogopa itaisha. Ilhali asilimia 78 ya hewa unayovuta sasa hivi ni nitrojeni! Shida ni kwamba atomu zake hutembea mbilimbili, zimekumbatiana kwelikweli.

Mwaka wa 1909, mjini Karlsruhe, Haber alipitisha nitrojeni na hidrojeni, kwa joto kali na shinikizo kubwa, juu ya metali adimu iitwayo osmiamu. Uso wa metali hiyo uliinasa nitrojeni, ukalegeza lile kumbatio, hidrojeni ikapata pa kushika. Amonia ikaanza kudondoka. Carl Bosch na Alwin Mittasch wa kampuni ya BASF walitaka kichocheo cha bei nafuu. Wakajaribu maelfu ya michanganyiko, wakatua kwenye chuma, na mwaka wa 1913 kiwanda kikaanza kazi Oppau.

Mbolea za DAP na CAN unazoona kwa agroveti huanzia kwenye amonia. Kwa hivyo hata unga unaopakiwa kwenye lori kupelekwa Oldonyiro una mkono wa Haber ndani yake. Migunga ya huko wala haimhitaji: bakteria wa kwenye mizizi wana kimeng'enya, kichocheo cha asili, kinachofanya kazi ileile bila tanuri.

Lakini amonia hutengeneza baruti pia, na vita vilianza 1914. Haber mwenyewe alisimamia gesi ya klorini iliyoachiliwa Ypres, Ubelgiji, Aprili 22, 1915. Siku kumi baadaye mkewe, Clara Immerwahr, naye mkemia, alijitoa uhai. Haber alipopewa Nobel ya 1918, wanasayansi wengine walilalama, na hata leo usitarajie wakubaliane. Mwaka wa 1933 Wanazi walianza kuwafukuza Wayahudi kazini, naye akaiacha nchi aliyoipigania. Alifia hotelini Basel, Uswisi, Januari 29, 1934.