George Whipple na safari ya chuma ndani ya damu

Katika vipindi vyetu vya afya tumetaja mara nyingi vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa akina mama wajawazito kliniki. Ndani yake mna madini ya chuma. Leo tunamwangalia mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutaka kujua chuma hicho, kikishamezwa, kinakwenda wapi.

George Hoyt Whipple alizaliwa tarehe 28 Agosti 1878 katika mji mdogo wa Ashland, jimbo la New Hampshire, Marekani. Baba yake na babu yake walikuwa madaktari, ila baba alifariki George akiwa bado mdogo sana. Kijana huyo alipenda kuvua samaki na kuwinda. Alisoma Yale, kisha akahitimu udaktari Johns Hopkins mwaka 1905.

Miaka miwili baadaye alikwenda Panama, wakati mfereji mkubwa ukichimbwa. Huko vibarua waliugua malaria na minyoo ya safura, maradhi mawili yanayommaliza mtu damu, na Whipple aliandika kuhusu hiyo safura.

Kazi iliyompa jina aliianza California na kuiendeleza Rochester, jimbo la New York, alikokwenda mwaka 1921 kuanzisha chuo cha udaktari. Alifanya kazi na mtafiti mwanamke, Frieda Robscheit-Robbins. Walitoa mbwa damu kidogo kidogo mpaka ikabaki dhaifu, kisha wakawalisha chakula cha aina moja baada ya nyingine na kupima ni kipi kinarudisha damu upesi. Leo wengi wataona ni ukatili, nasi hatuwalaumu. Mkate na maziwa havikufua dafu. Nyama na figo vilisaidia. Kilichoshinda vyote ni maini.

Habari hiyo iliwafikia madaktari wa Boston, George Minot na William Murphy. Mwaka 1926 walitangaza kwamba wagonjwa wa aina moja ya upungufu wa damu, ambao siku hizo walikuwa wakifa tu, walipata nafuu kwa kula maini mengi kila siku. Hapa pana jambo la kushangaza: mbwa wa Whipple walikosa chuma, lakini wagonjwa wa Boston walikosa vitamini B12, iliyokuja kupatikana mwaka 1948. Bahati ni kwamba maini yana vyote viwili.

Mwaka 1934 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel. Frieda hakutajwa, ingawa jina lake liko kwenye makala nyingi za utafiti huo. Sisi tunaona alistahili. Whipple mwenyewe aligawana naye fedha za tuzo, pamoja na wasaidizi wengine wanawake wa maabara.

Lakini swali la safari lilibaki. Mwishoni mwa miaka ya 1930, yeye na Paul Hahn walipata kutoka California chuma chenye mionzi, ambacho kingeweza kufuatiliwa mwilini kwa vipimo. Waliona kwamba mbwa aliyepungukiwa damu hufyonza chuma kingi, na aliyeshiba chuma hufyonza kidogo sana. Waliona pia kwamba chuma husafiri katika majimaji ya damu kabla ya kuingia kwenye chembe nyekundu.

Mbebaji wake ni protini inayotengenezwa na ini. Mwaka 1947 Waswidi wawili, Holmberg na Laurell, waliipa jina transferini. Mfano wake ni bodaboda wa abiria wawili: kila transferini hubeba chembe mbili tu za chuma. Huzipokea kwenye utumbo, au kwenye wengu ambako chembe nyekundu zilizochakaa huvunjwa, na kuzipeleka hasa kwenye uboho wa mifupa. Huko seli zina mlango maalumu wa kuipokea. Ikishashusha mzigo, hurudi kwenye damu kuchukua mwingine. Chuma hakiachwi kuzurura peke yake kwa sababu kikiwa huru huunguza seli, na vijidudu navyo hukitaka ili vizaliane.

Kwa siku moja chakula humwingizia mtu mzima miligramu 1 hadi 2 tu za chuma, wakati uboho unahitaji zaidi ya 20. Nyingi hutoka kwenye damu kuukuu.

Whipple alifariki Rochester tarehe 1 Februari 1976, akiwa na miaka 97.