David Bruce: Daktari wa watu aliyeufuata ugonjwa hadi zizini

Mkazi wa Busia akishikwa na homa inayokuja na kuondoka, viungo vikamuuma na jasho likamtoka usiku kucha, huenda hospitali. Ng'ombe wake akitupa mimba, humwita daktari wa mifugo. Hospitali iko chini ya wizara moja na daktari wa mifugo yuko chini ya nyingine. Lakini huenda mtu huyo na ng'ombe huyo wana ugonjwa mmoja, brusela, ambao binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kumsaidia mnyama kuzaa bila kujikinga mikono.

Ugonjwa huo umepewa jina la David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyefariki mwaka 1931. Jina lake limo pia katika kimelea cha malale, Trypanosoma brucei, kinachoenezwa na mbung'o. Wakazi wa mpaka wa Kenya na Uganda, kutoka Busia hadi Tororo, wamesumbuliwa na magonjwa yote mawili. Maisha ya Bruce yanaonyesha faida ya kumpima mgonjwa pamoja na mnyama wake, na gharama ya kuchelewa kufanya hivyo.

Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, Mei 29, 1855. Wazazi wake walikuwa Waskoti, na akiwa bado mtoto familia ilirudi Scotland. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1881. Mwaka 1883 alimuoa Mary Elizabeth Steele na kujiunga na jeshi. Mwaka uliofuata alipelekwa Malta, kisiwa kilicho katika Bahari ya Mediterania.

Huko askari walikuwa wakiugua homa ya muda mrefu isiyoeleweka. Wengi walilaumu hewa chafu na mitaro. Mwaka 1887 Bruce alichunguza kwa darubini wengu za askari waliofariki, akakuta bakteria wadogo sana ambao hakuna aliyekuwa amewaeleza kabla yake. Chanzo cha homa kikajulikana, lakini swali la pili likabaki: bakteria hao walitoka wapi?

Jibu lilichukua miaka 18. Mwaka 1904 iliundwa tume ya uchunguzi iliyosimamiwa na Bruce, na mwaka 1905 daktari Mmalta, Themistocles Zammit, akapima damu ya mbuzi. Mbuzi hao walionekana wazima kabisa. Walizungushwa mitaani na kukamuliwa mlangoni kwa mteja, na bakteria walikuwa ndani ya maziwa yao. Maziwa ya mbuzi yalipopigwa marufuku katika kambi za jeshi mwaka 1906, idadi ya askari wagonjwa ilishuka ghafla. Kwa muda wote huo madaktari walikuwa wamechunguza watu, maji na hewa, huku mbuzi wakipita mlangoni kila asubuhi.

Kosa la namna hiyo lilitokea tena vitabuni. Mwaka 1897 daktari wa mifugo wa Denmark, Bernhard Bang, alikuwa amegundua bakteria wanaowafanya ng'ombe watupe mimba. Madaktari wa watu waliendelea na bakteria wao na madaktari wa mifugo na wao, hadi mwaka 1918 mtafiti wa Marekani, Alice Evans, alipoonyesha kuwa bakteria hao ni ndugu wa karibu. Baada ya hapo ndipo walipowekwa katika jamii moja iliyopewa jina la Bruce.

Kabla ya swali la Malta kupata jibu, Bruce alikuwa amepewa kazi nyingine Afrika. Mwaka 1894 alitumwa Zululand kuchunguza nagana, ugonjwa uliokuwa ukimaliza ng'ombe. Yeye na Mary waliweka kambi Ubombo, wakafanya kazi katika kibanda cha miti na udongo. Walizungu wengi waliamini kwamba mbung'o huua kwa sumu yake. Wafugaji Wazulu wao waliuhusisha ugonjwa huo na wanyamapori. Bruce alikuta kimelea katika damu ya ng'ombe wagonjwa, akathibitisha kwa majaribio kwamba mbung'o hukibeba kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Kisha alikikuta katika damu ya wanyamapori ambao hawakuonyesha dalili za ugonjwa. Wafugaji walikuwa wameona jambo la kweli.

Vita vya Waingereza na Makaburu vilipozuka mwaka 1899, Bruce na mkewe walinaswa katika mji wa Ladysmith uliozingirwa. Yeye alifanya upasuaji na Mary akawahudumia majeruhi kama muuguzi.

Wakati huo malale ilikuwa imeanza kufagia mwambao wa Ziwa Victoria. Madaktari wa Hospitali ya Mengo walitambua wagonjwa wa kwanza mwaka 1901. Ugonjwa ulitapakaa Busoga na kusambaa mashariki kuelekea mwambao ambao leo ni wa Kenya. Hadi wimbi hilo lilipotulia, zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamekufa.

Bruce aliwasili Entebbe Machi 1903. Alimkuta daktari Aldo Castellani, ambaye alikuwa ameona vimelea katika majimaji ya uti wa mgongo wa wagonjwa lakini hakuwa na hakika vinamaanisha nini. Bruce alikuwa ameona kimelea cha jamii hiyo katika ng'ombe wa Zululand, na kwa sababu hiyo alijua pa kuanzia. Alianza kuwatafuta mbung'o.

Kazi hiyo isingewezekana bila Waganda. Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, aliwaagiza machifu wakusanye nzi wanaouma na kueleza kama malale ipo katika maeneo yao. Wamisionari nao walisaidia. Vifurushi vya nzi viliingia Entebbe kutoka kila upande, na matokeo yakachorwa kwenye ramani. Palipokuwa na malale, mbung'o walikuwapo. Waliowinda nzi hao kandokando ya ziwa, mahali pa hatari kuliko pote, majina yao hayakupewa ugonjwa wala kimelea.

Mwaka mmoja kabla ya Bruce kufika, utawala wa kikoloni ulikuwa umeuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuweka katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Ndipo mpaka unaopita Busia na Malaba ulipoanza kupata sura yake. Wasamia na Wateso walijikuta pande zote mbili, na mifugo yao vilevile.

Bruce alirudi Uganda mwaka 1908 na kufanya utafiti Mpumu hadi 1910. Sasa swali lilikuwa kama wanyama wanaweza kuhifadhi kimelea cha malale ya binadamu. Majaribio ya tume yake yalionyesha kwamba ng'ombe na swala wanaweza. Akahamia Nyasaland, Malawi ya leo, kuanzia 1911 hadi 1914, na huko akafikia uamuzi kwamba kimelea kilichoua watu wa eneo hilo ndicho kilichoua ng'ombe wa Zululand.

Utambuzi wake ulikuwa sahihi, lakini tiba aliyoipendekeza ilikuwa kali: wanyamapori wa maeneo yenye mbung'o wauawe. Kwa miongo kadhaa serikali za kikoloni ziliwapiga risasi wanyamapori wengi kwa hoja hiyo. Nchini Uganda, wakazi wa mwambao wa ziwa walikuwa tayari wamehamishwa kwa amri ya Gavana Hesketh Bell, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao.

Mary Bruce alifariki Novemba 23, 1931. Siku nne baadaye, wakati wa ibada ya kumkumbuka, mumewe naye akafariki. Alikuwa ameomba kwamba atakayeandika habari za maisha yake aitaje kazi ya mkewe, aliyekuwa naye kwenye darubini Malta, Ubombo na Entebbe.

Kazi aliyoianza ilipata makao Tororo. Katika miaka ya 1950 Shirika la Utafiti wa Malale la Afrika Mashariki, EATRO, lilijenga maabara yake huko ili kuzihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Wataalamu wa watu na wa mifugo walifanya kazi chini ya paa moja. Malale ilipozuka Alego, Nyanza ya Kati, watafiti wa EATRO walivuka mpaka, wakapima watu na ng'ombe. Mwaka 1966 Onyango na wenzake walichapisha ushahidi kwamba ng'ombe wa Alego walikuwa na vimelea vinavyoweza kumwambukiza binadamu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Maabara ya Tororo ikawa ya Uganda peke yake, na Kenya ikaanzisha taasisi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 malale ililipuka tena Tororo. Mwaka 1998 ilitokea Soroti, kaskazini zaidi, ambako haikuwa imezoeleka. Watafiti walipofuatilia, waligundua kwamba ng'ombe walionunuliwa kutoka maeneo yenye ugonjwa walikuwa wameingizwa kupitia mnada wa hapo.

Safari hii jibu lilikuwa tofauti na la Bruce. Kampeni iliyoanza Uganda mwaka 2006 iliwadunga sindano ng'ombe na kuwanyunyizia dawa ya kuua mbung'o, na wanafunzi wa udaktari wa mifugo wa Makerere walishiriki. Kumtibu ng'ombe kukawa njia ya kumkinga mtu, na mfugaji akabaki na mali yake.

Kenya iliunda kitengo cha pamoja cha afya ya binadamu na mifugo mwaka 2012, na Uganda ikafuata mwaka 2016. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya, ambako mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya nchi alipatikana mwaka 2009. Lakini kila kitengo kina mamlaka ndani ya nchi yake tu, na ng'ombe wa Tororo na wa Busia bado huuzwa na kununuliwa pande zote mbili. Ng'ombe anayepimwa na kutibiwa kabla ya kuvuka Malaba humlinda mnunuzi asiyejua lolote kuhusu EATRO. Asipotibiwa, daktari wa wilaya ya pili huenda akaanza upya kutafuta chanzo cha homa, kama ilivyokuwa Malta, huku mnyama akiwa tayari zizini.