Antonio José de Sucre (1795–1830): Ushindi wa Vitani na Mtihani wa Kutawala

Historia ya ukombozi wa Amerika ya Kusini aghalabu husimuliwa kana kwamba ni historia ya mtu mmoja, Simón Bolívar, na wengine wote wakawa vivuli vyake. Antonio José de Sucre ameathiriwa mno na mtindo huo wa masimulizi, kwani utiifu wake kwa Bolívar ulikuwa mkubwa kiasi cha wasifu wake kumezwa na wa mkubwa wake. Hata hivyo, mapigano mawili yaliyong'oa utawala wa Kihispania katika nchi za Andes, ya Pichincha mwaka 1822 na ya Ayacucho mwaka 1824, yaliongozwa na Sucre ilhali Bolívar hayupo uwanjani. Na dola ya Bolivia ilipozaliwa, mzigo wa kuiendesha ulimwangukia yeye. Makala haya yanashikilia kwamba uzito wa maisha yake haumo katika ushindi huo, mkubwa kama ulivyokuwa, bali katika swali lililoufuata: ni nani atakayelipa gharama za uhuru.

Sucre alizaliwa tarehe 3 Februari, 1795 huko Cumaná, mji wa pwani ya mashariki ya Venezuela, katika ukoo wa wanajeshi waliokuwa wameitumikia Hispania kwa vizazi kadhaa. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo. Alipelekwa Caracas kusomea uhandisi wa kijeshi, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo Mhispania José Mires, ambaye baadaye alipigana upande wa wazalendo chini ya mwanafunzi wake huyohuyo. Elimu hiyo ya hesabu, ramani na ngome haikumtoka. Makamanda wengi wa wakati ule walisifika kwa ujasiri wa kuongoza wapanda farasi. Sucre alijulikana kwa kuhesabu nyumbu, viatu, chumvi na siku za safari.

Alijiunga na jeshi la wazalendo akiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Vita vya Venezuela havikuwa na huruma. Mwaka 1813 Bolívar alitangaza vita vya kufa na kupona dhidi ya Wahispania, na majeshi ya mfalme yakajibu kwa ukatili uleule. Cumaná ilipoangukia mikononi mwa José Tomás Boves mwaka 1814, jamaa wa Sucre waliokuwa mjini waliuawa, na kabla vita havijaisha alikuwa amepoteza ndugu kadhaa wa damu. Msiba wa namna hiyo uliwafanya wengi wa rika lake kuwa watu wa kisasi. Yeye, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alichukua njia nyingine.

Ushahidi wa kwanza wa jambo hilo ulipatikana mwezi Novemba 1820 mjini Trujillo, Venezuela, ambako Sucre alikuwa mmoja wa wajumbe watatu wa Bolívar waliojadiliana na wajumbe wa jenerali wa Kihispania Pablo Morillo. Mikataba miwili ilitokana na majadiliano hayo. Wa kwanza ulisimamisha mapigano kwa muda. Wa pili uliweka kanuni za kuendesha vita: wafungwa wasiuawe bali wabadilishane, majeruhi watibiwe, maiti wazikwe, na raia wasiadhibiwe kwa sababu ya maoni yao. Kusimamishwa kwa mapigano hakukudumu. Kanuni za mkataba wa pili, kwa upande wake, zilifunga rasmi sura ya vita vya kufa na kupona, na wanahistoria wengi wanamtambua Sucre kuwa mwandishi wake mkuu.

Mwaka 1821 Bolívar alimtuma kusini, Guayaquil, bandari iliyokuwa imejitangazia uhuru wake lakini ilhali Quito bado imo mikononi mwa Wahispania. Mwaka huo haukumwendea vyema moja kwa moja. Mwezi Agosti alishinda karibu na Yaguachi, na mwezi uliofuata akashindwa vibaya huko Huachi, ambako Mires alitekwa. Msimu uliofuata alibadilisha mbinu. Akisaidiwa na kikosi kilichotoka Peru chini ya Andrés de Santa Cruz, alipanda milima kutoka kusini, akaupita mji wa Quito ubavuni, na usiku wa kuamkia tarehe 24 Mei, 1822 akawakweza askari wake kwenye miteremko ya volkano ya Pichincha. Mapigano yalifanyika juu ya mji, mbele ya macho ya wakazi wake. Siku ya pili yake kamanda wa Kihispania alisalimu amri kwa masharti mepesi. Sucre alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba.

Si haki, hata hivyo, kumchora kuwa mtu asiye na doa. Wakazi wa Pasto, kaskazini ya Quito, walikuwa waaminifu kwa mfalme na kwa kanisa, nao waliasi mwishoni mwa mwaka 1822. Sucre ndiye aliyepewa kazi ya kuwatiisha. Askari wake walipouingia mji huo mkesha wa Krismasi, waliua, walibaka na kupora kwa siku kadhaa, na raia wasio na silaha waliouawa walihesabika kwa mamia. Mwandishi mkuu wa kanuni za Trujillo ndiye aliyekuwa kamanda siku ile. Wasifu mwingi ulioandikwa kwa nia ya kumtukuza huipita Pasto kwa sentensi moja. Watu wa Pasto wenyewe hawakusahau, na kukumbuka kwao kuna nafasi katika mwisho wa habari hii.

Kutoka Quito vita vilihamia Peru, ngome ya mwisho ya Hispania barani. Baada ya ushindi wa Junín mwezi Agosti 1824, Bolívar alirudi pwani kushughulikia siasa na kumwachia Sucre jeshi. Kwa wiki nyingi majeshi mawili yalifuatana katika mabonde na vilele vya Andes, hadi yalipokutana kwenye uwanda wa Quinua, karibu na Ayacucho, tarehe 9 Disemba, 1824. Wazalendo walikuwa chini ya 6,000 na upande wa mfalme ulikaribia 9,000. Watu wa mfalme walikuwa juu ya kilima cha Condorcunca, na faida hiyo ndiyo iliyowaponza, kwani walilazimika kuteremka kwa mafungu, nayo mafungu hayo yalivunjwa moja baada ya jingine kabla hayajajipanga. Mapigano yalichukua saa chache. José de la Serna, makamu wa mfalme, alijeruhiwa na kutekwa, na José de Canterac akatia saini mkataba wa kusalimu amri kwa niaba yake.

Mkataba huo unastahili kusomwa kwa makini kuliko mpango wa vita wenyewe. Maofisa na askari walioshindwa waliruhusiwa kurudi Hispania kwa gharama ya Peru. Waliotaka kubaki waliahidiwa usalama, na hata kupokewa katika jeshi la Peru kwa vyeo vyao. Mali za watu binafsi ziliheshimiwa. Waliomlaumu Sucre kwa ulegevu hawakuona alichokiona yeye: adui aliyefunguliwa mlango wa kutokea hapigani mpaka risasi ya mwisho. Ngome ya Callao na jeshi la Pedro Antonio de Olañeta katika Peru ya Juu vilikataa masharti hayo, lakini kwingineko dola iliyotawala kwa karne tatu ilifungwa kwa waraka wa kurasa chache.

Sucre aliingia Peru ya Juu akiwa Jemadari Mkuu wa Ayacucho, cheo kilichobuniwa kwa ajili yake. Tarehe 9 Februari, 1825, akiwa La Paz, alitoa amri ya kuitisha baraza la wajumbe ili nchi ijiamulie hatima yake. Bolívar alimkaripia, kwa kuwa kisheria eneo hilo lilikuwa chini ya Buenos Aires tangu 1776 na amri hiyo ilikuwa kama kuzaa dola mpya bila idhini. Baadaye alikubali. Baraza lilikutana Chuquisaca, na tarehe 6 Agosti, 1825 likatangaza uhuru wa nchi iliyopewa jina la Bolívar. Wajumbe wengi walikuwa wanasheria waliosomea mjini humo, miongoni mwao Casimiro Olañeta, mpwa wa jenerali yule wa mfalme, mtu aliyejua kuhama upande kwa wakati wake. Walio wengi nchini walisema Kiquechua na Kiaymara. Katiba ya mwaka 1826 iliandikwa kwa Kihispania, ikaweka kusoma na kuandika kuwa sharti la uraia kamili, ingawa sharti hilo lilipangwa kuanza kutumika mwaka 1836. Hivyo dola ilizaliwa ikizungumza juu ya watu wake bila kuzungumza nao.

Katiba ilimfanya rais kuwa wa maisha. Sucre alikubali miaka miwili tu. Mipango yake ilikuwa mipana. Nyumba za watawa zenye watu wachache zilifungwa na mali zao zikaelekezwa kwenye shule na malezi ya yatima. Vyuo vipya vilianzishwa, na viwili kati ya hivyo, cha Chuquisaca na cha Potosí, vikapewa majina ya Junín na Pichincha. Migodi ya fedha ya Potosí, iliyowahi kuilisha himaya nzima, ilikuwa imejaa maji na haikuwa na mtaji wa kuifufua. Bandari ya maana haikuwapo, kwani Peru ilikataa kuitoa Arica.

Jambo lililopima uhuru huo kwa ukali zaidi lilikuwa kodi. Kwa karne nyingi hazina ya nchi ilitegemea kodi ya kichwa iliyotozwa wanaume wa jamii za wenyeji wa asili. Mwishoni mwa 1825 Bolívar aliifuta na mahali pake pakawekwa kodi moja kwa watu wote, inayokadiriwa kwa nafsi, mali na mapato. Mantiki yake ilikuwa safi: raia sawa, kodi sawa. Utekelezaji wake ulikwama mara moja. Hapakuwa na daftari za mali wala watumishi wa kuziandika. Wenye asili ya Hispania na machotara waliona ni fedheha kulipa kama wenyeji. Wenyeji nao walikuwa na hofu yao, kwani kulipa kodi ya zamani ndiko kulikowapa hoja ya kudai ardhi ya jamii zao, na aliyeifuta kodi angeweza pia kuifuta haki hiyo. Mwaka 1826 kodi ya kichwa ilirudishwa, na ikabaki nguzo ya mapato ya Bolivia kwa miongo kadhaa. Watumwa nao waliandikiwa uhuru katika katiba, kisha wajumbe wakaongeza kifungu kilichowazuia kuondoka kwa mabwana zao mpaka sheria maalumu itakapopangwa. Mshindi wa Ayacucho akawa msimamizi wa kodi ileile ya utawala aliouangusha. Wapo wanaomwona kuwa msaliti wa maneno yake. Tafsiri iliyo sahihi zaidi ni kwamba alikuwa na jeshi la kigeni la kulipa mishahara, hazina tupu, na tabaka la wenye mali lililotaka uhuru bila bili yake.

Jeshi hilo la Colombia ndilo lililomwangusha. Mwezi Disemba 1827 batalioni moja iliasi La Paz kwa ajili ya mishahara. Tarehe 18 Aprili, 1828 askari wa kambi ya Chuquisaca waliasi, na Sucre alipokwenda kuwakabili alipigwa risasi mkononi. Siku mbili baadaye, huko Quito, ndoa yake na Mariana Carcelén, bibi wa ukoo wa Solanda, ilifungwa kwa uwakili, bibi harusi akiwa hana habari ya jeraha lile. Agustín Gamarra wa Peru alivuka mpaka kwa kisingizio cha kuleta utulivu, na mkataba wa Piquiza wa mwezi Julai ukayaondoa majeshi ya Colombia. Sucre alijiuzulu na kuondoka, mkono wake ukiwa haujapona.

Alitamani kuishi Quito kama raia wa kawaida. Hakuachiwa. Mwezi Februari 1829 aliitwa kupigana na jeshi la Peru, akalishinda Tarqui, na kwa mara nyingine akatoa masharti mepesi kwa walioshindwa. Mwezi Julai alizaliwa binti yake, Teresa. Januari 1830 aliongoza bunge lililokutana Bogotá kuinusuru Colombia isivunjike. Bunge hilo liliweka umri wa miaka arobaini kuwa sharti la urais, na wengi waliona kwamba sharti hilo lilimlenga yeye, aliyekuwa na thelathini na mitano. Bolívar aliondoka Bogotá mwezi Mei, akielekea uhamishoni ambako hakufika. Sucre alichelewa kumuaga.

Alianza safari ya kurudi kwa mkewe kwa njia ya nchi kavu, kupitia jimbo la Pasto, ingawa alionywa. Asubuhi ya tarehe 4 Juni, 1830, katika msitu wa Berruecos, risasi za watu waliojificha zilimwua akiwa juu ya mnyama wake. Apolinar Morillo alihukumiwa na kuuawa kwa kosa hilo mwaka 1842, naye alimtaja José María Obando, kamanda wa eneo hilo, kuwa ndiye aliyetoa amri. Obando alikana maisha yake yote, akamshutumu Juan José Flores wa Ecuador, na mwaka 1853 akawa rais wa New Granada. Ubishi huo haujafungwa.

Mjane aliwatuma watu wake kuuchukua mwili kwa siri na kuufikisha Quito, ambako mahali ulipolazwa palifichwa. Binti yao alifariki mwaka 1831. Nchi mpya ya Ecuador iliipa sarafu yake jina la Sucre mwaka 1884, na jina hilo likadumu mpaka dola ya Marekani ilipochukua nafasi yake mwaka 2000. Chuquisaca nayo ilikuwa imekwisha kupewa jina lake tangu 1839. Kwa miaka sabini watu walitumia jina hilo bila kujua kaburi liko wapi. Mwaka 1900 mabaki yake yalipatikana katika nyumba ya watawa wa kike ya Carmen Bajo, yakachunguzwa na madaktari, na kuhamishiwa katika kanisa kuu la Quito, chini ya mlima wa Pichincha.