Meredith: Winga aliyefichua malipo ya siri Manchester City

KABLA ya sifa na kashfa zake kuenea kote Uingereza, Billy Meredith alikuwa mvulana wa mgodini. Alizaliwa Julai 30, 1874 katika kijiji cha Chirk nchini Wales, na akiwa na umri wa miaka 12 tayari alikuwa akishuka chini ya ardhi kufanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe. Hata baada ya kujiunga na Manchester City mnamo 1894, hakuharakisha kuiacha kazi hiyo. Soka wakati huo haikuwa riziki ya kutegemewa.

Winga huyo wa kulia alizoeleka kusakata kandanda huku ametia kijiti cha meno mdomoni. Mnamo 1904 alifunga bao la pekee lililoizamisha Bolton Wanderers katika fainali ya Kombe la FA, na kuitunuku City taji lake la kwanza kubwa.

Tatizo lilikuwa pesa. Kuanzia msimu wa 1901-02, Chama cha Soka cha Uingereza (FA) kilikuwa kimeweka kikomo cha mshahara: pauni 4 kwa wiki, na marupurupu ya ushindi yakapigwa marufuku. Nia ilikuwa kuzuia klabu tajiri zisiwanyakue wachezaji wote hodari kwa nguvu ya fedha. Pauni 4 hazikuwa haba, kwani kibarua wa kawaida hakupata hata nusu yake. Lakini klabu iliyojaza uwanja kila Jumamosi ilivuna pesa nyingi kuliko ilivyoruhusiwa kuwalipa waliowavutia mashabiki hao. Pesa za aina hiyo hazikosi njia ya kupita. City ikawalipa wachezaji wake ziada kisirisiri, nje ya macho ya FA.

Siri hiyo ilitoboka kwa sababu ya kesi nyingine kabisa. Mnamo Aprili 1905, City iliyokuwa ikiwania ubingwa wa ligi ilichapwa 3-2 na Aston Villa. Meredith akashtakiwa kuwa alijaribu kumhonga nahodha wa Villa, Alec Leake, kwa pauni 10 ili Villa ipoteze mechi. FA ilimpata na hatia na kumfungia msimu mzima wa 1905-06.

Meredith aliitarajia klabu yake imtunze akiwa nje ya uwanja. City, ikihofia kuadhibiwa, ilikataa. Alipozidi kudai fedha, klabu yenyewe ilimshtaki kwa FA. Hapo ndipo alipoamua kufungua kinywa: akasema alikuwa akilipwa pauni 6 kwa wiki, kwamba wenzake pia walipokea zaidi ya kiwango halali, na kwamba hongo ile ilipangwa kwa kujulikana na meneja Tom Maley. Kuhusu hongo, alikuwa na kila sababu ya kumtwika mwingine mzigo. Kuhusu mishahara, uchunguzi ulithibitisha maneno yake.

Adhabu ya 1906 ilikuwa kali mno. Wachezaji 17, wakiwemo waliokuwa wameshaihama City, walifungiwa hadi Januari 1, 1907. Waliokuwa bado klabuni walizuiwa kuichezea tena. Maley na aliyekuwa mwenyekiti walifungiwa maisha, ingawa miaka michache baadaye Maley alirejea katika soka. Klabu ilitozwa faini ya pauni 250.

Aliyefaidika zaidi ni jirani. Manchester United, iliyokuwa imetoka tu kupanda daraja, iliwanasa Meredith, Sandy Turnbull, Herbert Burgess na Jimmy Bannister. Meredith aliichezea kwa mara ya kwanza siku ile ile marufuku ilipokwisha, wapinzani wakiwa Aston Villa, na krosi yake ikamwezesha Turnbull kufunga bao la ushindi. United ilitwaa ligi mnamo 1908 na 1911, na Kombe la FA mnamo 1909.

Desemba 1907, aliongoza mkutano katika hoteli ya Imperial jijini Manchester uliozaa chama cha kutetea wachezaji. FA ilipowaamuru wanachama wajiondoe mnamo 1909, wachezaji wa United walikataa, wakafungiwa na kufanya mazoezi peke yao. Hatimaye chama kilitambuliwa. Kikomo hakikuondolewa. Kilichopatikana ni nyongeza ya hadi pauni 5 kwa waliotumikia klabu kwa muda mrefu.

Ajabu ni kwamba Meredith alirejea City mnamo 1921, na mechi yake ya mwisho ya ushindani, nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Newcastle mnamo 1924, aliicheza akiwa na miaka 49.

Alifariki Aprili 19, 1958, kikomo cha mshahara kikiwa bado kinatekelezwa. Kilifutwa Januari 1961, kikiwa pauni 20, baada ya wachezaji kutishia kugoma chini ya uongozi wa Jimmy Hill, na punde Fulham ikampa Johnny Haynes pauni 100 kwa wiki. Kaburi la Meredith jijini Manchester lilikaa bila jiwe la kumbukumbu hadi 2001, ambapo gharama ilibebwa na chama cha wachezaji, chama cha soka cha Wales, na klabu mbili: United na City.