Bi Asmaa na Bwana Jaafar: Marejeo Baada ya Miaka 13 Ugenini

Wahenga walisema kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi watu wa mwambao kauli hii tumeirithi kwa wazee wetu, kwani tangu kale watu wetu ni wa kwenda na kurudi. Wa zamani walitweka tanga na kusi wakarejea na kaskazi. Wa siku hizi huabiri ndege wakenda Uarabuni na Ulaya, mume na mke, wakakaa huko hata watoto wakazaliwa na kukua.

Lakini liko jambo moja ambalo methali hii haikulitaja. Mara nyingine mtu hurejea akaikuta ngama yenyewe haiko pale alipoiacha. Wazee wamekufa, nyumba imehamwa, na wale waliobaki wana hesabu yao ya shida na raha walizopitia, na yeye msafiri hamo katika hesabu hiyo. Kila likizungumzwa jambo huambiwa kuwa hayo hayamhusu kwa sababu hakuwako.

Leo, wapenzi wasomaji, tutasimulia maisha ya bibi mmoja aliyeambiwa maneno ya namna hiyo akakataa kuyameza. Naye ni Bi Asmaa bint Umays (R.A.), aliyeondoka Maka na mumewe wakiwa vijana, wakarejea pamoja baada ya miaka ipatayo 13.

NASABA NA NDOA

Bi Asmaa alikuwa wa kabila la Khath'am. Mamake, Hind bint Auf, alisifika kwa waume waliooa binti zake. Maymuna aliolewa na Mtume Muhammad (S.A.W.), Lubaba aliolewa na Abbas, na Salma aliolewa na Hamza. Asmaa naye alimpata Jaafar bin Abi Talib.

Jaafar alikuwa ndugu wa Sayyidna Ali, mkubwa wake kwa kadiri ya miaka 10. Ulipoingia ukame Maka, naye Abu Talib ana watoto wengi wa kulisha, jamaa walimsaidia mzigo. Mtume alimchukua Ali akamlea, na Abbas akamchukua Jaafar. Kwa sura na kwa tabia Jaafar alifanana mno na binamu yake Mtume, na masikini walimpenda kwa ukarimu wake.

Mume na mke walisilimu mapema, kabla Mtume hajaanza kukutana na wafuasi wake katika nyumba ya Arqam. Makureshi walipozidisha maudhi, Mtume aliwashauri wafuasi wake wakimbilie Uhabeshi, kwa mfalme ambaye hakuna mtu anayedhulumiwa mbele yake. Kundi la kwanza liliondoka mwaka 615. Baadaye wakafuata wengine wengi, wanaume wapatao 80 pamoja na wanawake, na mkubwa wao alikuwa Jaafar. Bi Asmaa alikuwa katika safari hiyo. Wakaivuka Bahari ya Sham wakatua katika nchi ambayo lugha yake si yao, na dini ya wenyewe ni ya Kinasara.

MBELE YA NAJASHI

Makureshi hawakuridhika. Walituma watu wawili, Amr bin al-As na Abdallah bin Abi Rabia, wakachukua zawadi za ngozi nzuri kwa mfalme na kwa wakuu wake, wakaomba wakimbizi warudishwe. Najashi alikataa kuwatoa watu waliomwomba hifadhi kabla ya kuwasikiliza. Akawaita.

Jaafar ndiye aliyesema kwa niaba ya wenzake. Alieleza walivyokuwa katika ujinga, wakiabudu masanamu na mwenye nguvu akimla mnyonge, mpaka akaja Mtume akawafundisha ukweli, amana na kuwatazama jamaa na jirani. Kisha akasoma mwanzo wa Sura ya Maryam. Najashi akalia hata ndevu zake zikalowa. Kesho yake wajumbe wakajaribu hila nyingine. Walisema kuwa Waislamu wanamtaja Isa vibaya. Jaafar hakuficha wala hakupunguza neno. Alieleza kama alivyofundishwa, na Najashi akaona kuwa tofauti yao haizidi upana wa kijiti. Zawadi za Makureshi zikarudishwa, na wakimbizi wakapewa amani.

Wengi wetu tunakijua kisa hiki, na khatibu hukisimulia hapo akanyamaza. Lakini baada ya siku ile kuu ya barazani yalikuja maisha ya kila siku, miaka nenda miaka rudi. Bi Asmaa alizaa huko wana watatu: Abdallah, Muhammad na Aun. Aliwalea mbali na bibi zao na shangazi zao.

Ugeni haukosi machungu yake. Mara moja ilivuma habari kuwa Makureshi wote wamesilimu. Baadhi ya wakimbizi wakafunga safari kwa furaha, na walipokaribia Maka wakagundua kuwa ni uwongo. Wengine walifia ugenini. Ubaidullah bin Jahsh alitoka katika Uislamu na akafa huko, mkewe Ummu Habiba akabaki peke yake, hata Mtume akapeleka posa, na Najashi akamtolea mahari.

Na kule nyumbani dunia ilikuwa ikigeuka. Mwaka 622 Mtume alihamia Madina. Mwaka 624 vikapiganwa vita vya Badri. Mwaka 625 ikawa Uhud, na humo akauawa Hamza, mume wa Salma, dadake Bi Asmaa. Mwaka 627 ukachimbwa handaki kuilinda Madina. Mambo yote hayo Jaafar na mkewe waliyapata kwa kusikia.

JAHAZI MBILI

Baada ya sulhu ya Hudaibiya, mwaka 628, Mtume alimtuma Amr bin Umayya ad-Damri kwa Najashi ili waliobaki warejeshwe. Wakapakiwa katika jahazi mbili. Pamoja nao alikuwako Abu Musa al-Ashari na watu wake, ambao walitoka Yemeni wakielekea kwa Mtume, upepo ukawasukuma hata Uhabeshi, wakakaa na Jaafar mpaka safari ya kurudi.

Hebu tufikiri kidogo. Waliondoka Maka, na sasa wanarejea Madina, mji ambao hawakuwahi kukaa. Wana wao watatu wanarudi kwao wasikokujua. Ngama ya chombo chao ilikuwa imehama, na aliyeihamisha ni Mtume mwenyewe, kwani alipokuwa yeye ndipo palipokuwa kwao.

Walifika wakati Mtume yuko Khaybar, nayo imekwisha kutekwa. Alimkumbatia Jaafar akambusu katikati ya macho, akasema kwamba hajui limfurahishalo zaidi ni lipi, kutekwa kwa Khaybar au kurudi kwa Jaafar. Kisha akawatolea watu wa jahazi fungu katika ngawira, ingawa hawakupigana. Ndiyo kusema kuwa kwake hesabu ya waliokuwa mbali haikufutwa.

NENO LA SAYYIDNA UMAR

Si kila mtu alihesabu hivyo. Siku moja Bi Asmaa alikwenda kumzuru Bi Hafsa, mke wa Mtume. Mara akaingia Sayyidna Umar, babake Hafsa, akauliza ni nani yule. Alipojibiwa akauliza tena kama ndiye yule Mhabeshi, yule bibi wa baharini. Kisha akasema kuwa wao wa Madina wamewatangulia wenzao kwa hijra, na kwa hivyo wana haki zaidi kwa Mtume.

Bi Asmaa alikasirika. Alimwambia kwamba sivyo hata kidogo. Wao walikuwa na Mtume, mwenye njaa wao akilishwa na asiyejua akifunzwa, hali watu wa jahazi walikuwa katika nchi ya mbali, miongoni mwa wasiowapenda, wakiudhiwa na kutishwa, na yote ni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Akaapa kuwa hatakula wala hatakunywa mpaka amweleze Mtume maneno hayo, wala hataongeza wala kupotosha.

Mtume alipokuja akamweleza kama yalivyosemwa. Jawabu lilikuwa kwamba Umar hana haki zaidi kuliko wao. Umar na wenzake wana hijra moja, na watu wa jahazi wana hijra mbili.

Yasimuliwa kuwa baada ya hapo Abu Musa na wenziwe walikuwa wakija kwa Bi Asmaa makundi makundi, wakimtaka awasimulie tena. Hakuna kitu duniani kilichowafurahisha kuliko neno lile. Watu wazima waliokwisha kupewa fungu la Khaybar, bado walikuwa na kiu ya kuambiwa kuwa miaka yao haikupotea.

MWAKA MMOJA NA MIEZI

Mwanzoni mwa mwaka 629 Mtume alikwenda Maka kwa umra. Huko alikuwako binti yatima wa Hamza. Ali alimtaka, Zaid bin Haritha alimtaka, na Jaafar pia. Mtume alihukumu akae kwa Jaafar, kwa sababu Bi Asmaa ni dada wa mamake mtoto, na dada wa mama ni kama mama. Basi wale waliokosa kumzika Hamza wakapewa amana ya mwanawe.

Lakini nyumba ile haikudumu. Mwaka huo huo jeshi la watu 3,000 lilitumwa upande wa Sham. Lilipambana na adui mkubwa mno huko Muta, katika nchi iitwayo Yordani leo. Zaid alianguka, Jaafar akaitwaa bendera. Alishuka farasi wake akapigana kwa miguu. Mkono wa kulia ukakatwa, akaishika kwa wa kushoto. Nao ukakatwa, akaikumbatia kifuani mpaka akauawa. Ndipo akaitwa Tayyar, mwenye kuruka, kwani Mtume alieleza kuwa Mungu amembadilishia mikono yake kwa mbawa za Peponi. Tangu kurudi kwake hata kufa kwake ni mwaka mmoja na miezi michache tu.

Siku ya habari, Bi Asmaa alikuwa amekwisha kuitengeneza ngozi, amekanda unga wake, amewaogesha watoto na kuwapaka mafuta. Mtume akaja akaomba aletewe wana wa Jaafar. Akawanusa, na machozi yakamtoka. Bi Asmaa akajua. Wanawake wakakusanyika, naye Mtume akarudi kwake akaamuru watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwani wameshughulishwa na msiba wao. Ndiyo asili ya sunna ya jirani kupeleka chakula kwa wafiwa. Wasomaji watazame wenyewe kama siku hizi matangani ni jirani anayempikia mfiwa, au ni mfiwa anayekopa ili awalishe jirani.

BAADA YA JAAFAR

Bi Asmaa aliolewa na Sayyidna Abubakar. Mwaka 632, njiani kwenda katika Hija ya kuaga, alijifungua mtoto Muhammad pale Dhul-Hulaifa. Mtume akamwamuru aoge, ahirimie, aendelee na safari. Mwaka huo huo Bi Fatuma, binti wa Mtume, alipokuwa mgonjwa, alichukia namna maiti ya mwanamke ilivyofunikwa nguo tupu, umbo likaonekana. Bi Asmaa akamweleza aliyoyaona Uhabeshi. Akaleta makuti mabichi ya mtende, akayakunja yakawa matao juu ya jeneza, akatandaza nguo juu yake. Bi Fatuma akapendezwa, na akachukuliwa hivyo alipofariki. Stara hiyo ililetwa na bibi wa baharini kutoka ugenini.

Abubakar naye alipofariki mwaka 634, Bi Asmaa ndiye aliyemwosha. Kisha akaolewa na Sayyidna Ali. Yasimuliwa kuwa siku moja wanawe wawili, Muhammad wa Jaafar na Muhammad wa Abubakar, walijifaharisha kila mmoja kwa babake, na Ali akamwambia mama awahukumu. Akasema hakuona kijana wa Kiarabu aliye bora kuliko Jaafar, wala mtu mzima aliye bora kuliko Abubakar. Ali akamtania kuwa basi yeye hakubakishiwa kitu.

Kaburi la Jaafar liko Mazar, karibu na Karak, na watu hulizuru hadi leo. Katika mji huu na ule wa pwani yetu, kila mwaka hurejea mume na mke waliokaa ng'ambo miaka mingi, wana masanduku yao na watoto wasiozijua njia za mtaa. Tunawalaki kwa vigelegele, na haupiti mwezi tunaanza kuwaambia kuwa jambo hili na lile hawakuwako. Ni kweli hawakuwako. Nasi tulikuwako wapi walipougua peke yao, walipozaa bila mama wa kuwakanda, walipopokea habari za misiba yetu bila bega la kulilia? Akija mmoja wao barazani, tumkaribishe akae, tumpe kahawa, tumuulize aliyoyaona. Pengine naye amerudi na kitu tunachokihitaji.