Thomas Graham: Alimkaidi babake, leo wagonjwa wa figo wananufaika

Babake alitaka awe mhubiri. Yeye alitaka kemia.

Thomas Graham alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka wa 1805. Alipokataa katakata kuingia kanisani, mzee aliacha kumlipia masomo. Kijana hakulegea. Alifundisha na kuandika ili ajikimu.

Alianza na gesi, akagundua kwamba nyepesi husambaa haraka kuliko nzito. Kisha akageukia vimiminika. Mnamo 1861 alieleza jinsi alivyowamba karatasi ngumu mithili ya ngozi kwenye duara, kama ngoma, akaielekeza juu ya maji. Alipotia mkojo ndani, yurea ilipenya ikaingia majini. Alipotia gundi, chembe zake kubwa zilikwama.

Unaona? Kilicho kingi upande mmoja huhamia kwenye uchache, mradi tundu la utando linakitosha. Utando wa seli zako nao huchagua cha kupitisha.

Graham alifariki 1869, kabla mashine ya kusafisha damu haijaundwa. Lakini kila anayelazwa kando ya mashine hiyo leo, anaokolewa na kanuni ileile ya yule kijana mkaidi.