Elie Metchnikoff na Askari wa Damu

Babu yangu alipelekwa hospitali kwa kidonda cha mguu kisichopona. Alipopimwa damu alionekana ana kisukari. Nilishangaa kusikia ya kwamba hawakupima sukari tu, bali alama za uvimbe pia. Nilimwuliza mwalimu wetu, naye akanielekeza kwenye habari za mtu huyu, ambazo nataka kuwasimulia, wasomaji wapenzi.

Elie Metchnikoff alizaliwa mwaka 1845 karibu na mji wa Kharkiv, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, lakini siku zile ilitawaliwa na Urusi. Alikuwa hodari sana, hata akamaliza kwa miaka 2 masomo ya chuo kikuu ya miaka 4. Baadaye alifundisha huko Odessa. Mwaka 1873 mkewe Ludmila alifariki kwa kifua kikuu, naye akakata tamaa kabisa ya kuishi. Lakini alinusurika, akarudia kazi yake.

Mwaka 1882 alikuwa akikaa Messina, katika kisiwa cha Sicily. Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama michezo ya nyani, yeye akabaki na hadubini yake. Alikuwa akichunguza watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao huonyesha ndani kama kioo. Aliona chembe zikitembea humo, akawaza huenda hizo ni askari wa mwili. Akachuma miiba ya waridi bustanini, akawachoma nayo chini ya ngozi. Usiku ule hakupata usingizi. Asubuhi alikuta chembe zimeizingira miiba. Hivyo alitambua ya kwamba uvimbe ni vita ya kutuponya, na chembe nyeupe za damu ndizo zipiganazo.

Wataalamu wengi walimpinga, wakidai kinga imo katika maji ya damu. Tangu mwaka 1888 aliwajibu kwa majaribio katika Taasisi ya Pasteur, Paris. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, aliyeshika upande wa maji ya damu. Kumbe wote wawili walikuwa na haki.

Mwishoni aliuchunguza uzee. Aliamini ya kwamba askari hao hao huweza kugeuka na kuula mwili. Alikunywa maziwa ya mgando kila siku, kama wazee wa kwetu, ili achelewe kuzeeka. Lakini alifariki mwaka 1916, mwenye umri wa miaka 71.

Dawa yake ya uzee haikuthibitika, bali shaka yake juu ya askari ilikuwa na maana. Ini hutengeneza protini iitwayo CRP, nayo huongezeka katika damu penye uvimbe. Kwa babu, kidonda peke yake kilitosha kuipandisha. Lakini watu wengi wenye kisukari cha aina ya pili, na wazee wengi, huwa nayo zaidi kidogo hata bila kidonda, kama makaa chini ya majivu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walionyesha ya kwamba wanawake wazima wenye CRP nyingi walielekea zaidi kupata kisukari baadaye.

Babu alipona mguu, na sasa hutembea kila asubuhi. Nami nimejifunza ya kuwa mlinzi asiyepumzika huichosha nyumba anayoilinda. Tusingoje kidonda, ndugu zangu, tukapimwe mapema.